Brock Bowers na misimu mitatu ya Georgia: hoja yangu kwamba hajapata kutokea taiti endi wa chuo kama yeye

MLETA UZI

Wanajamvi, salaam. Katika jukwaa hili futiboli ya Kimarekani hutajwa mara moja kwa mwaka, wakati wa Super Bowl, kisha mjadala hurudi kwenye ligi za Ulaya. Leo naomba nafasi ya kuandika kwa kirefu kuhusu mchezaji mmoja wa ngazi ya chuo, Brock Bowers, aliyeichezea timu ya Chuo Kikuu cha Georgia kuanzia 2021 hadi 2023, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba katika nafasi ya taiti endi vyuo vya Marekani havijapata kuwa na mtu wa kumfikia. Najua hiyo ni kauli nzito, na ndiyo maana nitaijengea hoja badala ya kuitupa tu.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa asiyeielewa nafasi hiyo hawezi kuona alichokifanya. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpinzani huchukua mpira. Wachezaji watano wa mstari wa mbele, walio wazito kuliko wenzao wote, kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi: wao humkinga kwotabeki anayerusha mpira na kumfungulia njia mkimbiaji. Wapokeaji wa pembeni ni watu wepesi wenye mbio, na kazi yao kubwa ni kudaka. Taiti endi husimama mwishoni mwa mstari wa mbele, bega kwa bega na wale wazito, naye anadaiwa kazi zote mbili: katika jaribio hili asukumane na mlinzi wa kilo 120, katika jaribio linalofuata achomoke akimbie yadi 20 na kudaka mpira huku mtu akimpiga mgongoni.

Uzito wa nafasi hii unaonekana zaidi upande wa pili, kwa kocha wa ulinzi. Taiti endi anapoingia uwanjani, kocha huyo lazima aamue mapema, kabla mpira haujaanza kuchezwa, kama atamkabili kwa mlinzi mzito au mwepesi. Akiingiza mzito, ataachwa kwenye mbio. Akiingiza mwepesi, atasukumwa nje ya njia na mkimbiaji atapita. Taiti endi wengi wana upande mmoja dhaifu, na kocha hodari huutafuta upande huo na kuukalia mchezo mzima. Kwa Bowers, kwa misimu mitatu, sikuona kocha aliyeupata.

Alizaliwa Desemba 2002, akakulia Napa, California, katika bonde linalojulikana kwa mizabibu. Wazazi wake wote wawili walikuwa wanamichezo wa Chuo Kikuu cha Utah State, baba katika futiboli na mama katika softiboli. Mwaka 2020 UVIKO-19 ulizuia msimu wa shule za California kuchezwa kwa wakati wake, kwa hiyo aliondoka kwenda Athens, Georgia, Januari 2021 bila kucheza mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Naomba jambo hilo likumbukwe: kijana alifika katika mojawapo ya timu kubwa kabisa za vyuo, upande mwingine wa nchi, akiwa hajacheza mechi ya mashindano kwa zaidi ya mwaka.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Clemson mjini Charlotte, tarehe 4 Septemba 2021. Georgia ilishinda 10-3, na tachidauni (yaani kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani) pekee ya siku hiyo ilifungwa na mlinzi aliyenasa pasi ya mpinzani, maana yake safu ya ushambuliaji ya Georgia haikuvuka mstari hata mara moja. Katika mchezo huo mgumu, uliobana kila mtu, Bowers alidaka pasi 6. Wiki iliyofuata dhidi ya UAB alidaka 3 tu, lakini zilimpa yadi 107 na tachidauni 2, na moja ya hizo alikimbia nayo karibu uwanja mzima. Mwisho wa msimu alikuwa na pasi 56, yadi 882 na tachidauni 13 za kupokea. Hizo 13 ni rekodi ya Georgia kwa msimu mmoja, na ninaposema rekodi ninamaanisha kwa wapokeaji wote, wa pembeni wakiwemo. Iliwekwa na kijana wa mwaka wa kwanza, tena kutoka mwisho wa mstari wa mbele.

Georgia ilikuwa haijatwaa ubingwa wa taifa tangu msimu wa 1980. Tarehe 4 Desemba 2021 ilifungwa na Alabama 41-24 katika fainali ya kanda ya SEC, na siku hiyo ya huzuni Bowers alidaka pasi 10 kwa yadi 139. Tarehe 10 Januari 2022 timu hizo hizo zilikutana tena Indianapolis kugombea ubingwa wa taifa. Robo ya nne ilipobakiza dakika tatu na nusu hivi, Georgia ikiongoza kwa pointi moja, kwotabeki Stetson Bennett alimpa Bowers pasi fupi pembeni, naye akakimbia hadi mstari wa mwisho kwa yadi 15. Matokeo yakawa 33-18. Baadaye tukaja kufahamu kwamba bega lake lilikuwa limeumia. Alifanyiwa upasuaji baada ya ubingwa huo na kukosa mazoezi ya majira ya kuchipua.

Nitaendelea na msimu wa 2022 nikishasoma maoni yenu.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Asante kwa uzi, mkuu. Nimekuelewa vizuri, ila nina pingamizi ambalo naomba ulijibu kwa haki. Georgia ya miaka hiyo ilikuwa imejaa vipaji kila upande. Timu inapokuwa na mstari wa mbele wenye nguvu, wakimbiaji wa daraja la kwanza na ulinzi unaowanyima wapinzani pointi, je, si kweli kwamba taiti endi yeyote mwenye mikono mizuri angepata takwimu za namna hiyo? Nauliza kwa sababu katika kandanda tumeshuhudia washambuliaji wengi waliong'aa ndani ya timu kubwa, na walipohama wakatoweka.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Nairobi, pingamizi lako ni la haki na linastahili jibu refu.

Ni kweli timu ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Katika misimu hiyo mitatu Georgia ilishinda mechi 42 na kupoteza 2, na zote mbili ilizipoteza kwa Alabama katika fainali ya SEC. Lakini nguvu ya timu, kwa upande wa takwimu za Bowers, ilimpunguzia zaidi kuliko ilivyomwongezea. Timu inayoongoza kwa pointi 35 haina sababu ya kurusha mpira tena. Humkabidhi mkimbiaji ili muda uishe, na nyota wake hukaa benchi wasije wakaumia. Mechi nyingi za Georgia ziliamuliwa kabla ya robo ya nne. Mtu aliyedaka pasi 175 kwa yadi 2,538 na tachidauni 26 katika mazingira hayo amezipata nyingi ya hizo wakati mchezo ungali na maana.

Sasa niingie msimu wa 2022, kwa sababu ndio unaojibu swali lako vizuri zaidi. Sehemu kubwa ya ulinzi wa 2021 ilikuwa imeondoka: wachezaji watano wa ulinzi wa Georgia walichaguliwa katika raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, yaani zoezi ambalo timu za ligi ya kulipwa huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, mwezi Aprili 2022. Timu ilibidi ijifunze kushinda kwa ushambuliaji, na mratibu wake, Todd Monken, aliijenga safu yote juu ya taiti endi wawili wanaocheza pamoja. Mmoja alikuwa Darnell Washington, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Mwingine alikuwa Bowers. Walinzi walipoona miili miwili mikubwa imesimama karibu na mstari walijipanga kuzuia mkimbiaji, kisha Bowers alitembezwa kabla ya mpira kuanza hadi pembeni kabisa, mahali anaposimama mpokeaji mwepesi, na mlinzi mzito akajikuta peke yake mbele yake katika eneo pana. Huo ulikuwa mtego, na ulitegwa wiki baada ya wiki kwa kuwatumia wachezaji wale wale.

Dhidi ya South Carolina mwezi Septemba alidaka pasi 5 kwa yadi 121 na tachidauni 2, mojawapo ya yadi 78, kisha akakabidhiwa mpira mkononi na kufunga ya tatu kwa kukimbia. Wiki iliyofuata, dhidi ya Kent State, alikabidhiwa mpira akikatiza nyuma ya mstari kwa kasi, akakunja kona na kukimbia yadi 75 bila kuguswa. Nataka uitafakari yadi hizo 75, ndugu yangu: mtu wa kilo 110 hivi, ambaye kazi yake ya kawaida ni kusukumana na watu wa mstari wa mbele, akiwaacha walinzi wa nyuma ambao huajiriwa kwa mbio zao. Katika misimu mitatu alikabidhiwa mpira mara 19 tu, akapata yadi 193 na tachidauni 5. Hiyo ni wastani wa zaidi ya yadi 10 kila alipoushika, yaani kila mara aliponyooshewa mpira mkononi timu ilitarajia kupata seti mpya ya majaribio.

Mwezi Oktoba mjini Jacksonville, dhidi ya Florida, Bennett alirusha mpira mrefu, mlinzi akaugusa, ukabadili mwelekeo, na Bowers akaukimbilia huku ukirukaruka kwenye vidole vyake mpaka akaudhibiti, bila kupunguza mwendo, na kuufikisha mwisho kwa yadi 73. Nimeitazama video ile mara nyingi na bado naona kilichonivutia ni miguu: mikono inahangaika na mpira juu, miguu inaendelea na kazi yake chini kama vile hakuna tatizo.

Msimu ule aliufunga kwa pasi 63 na yadi 942, Georgia ikashinda mechi zote 15, na katika fainali ya taifa dhidi ya TCU, tarehe 9 Januari 2023, iliyoisha 65-7, alidaka 7 kwa yadi 152. Wapo wanaosema mechi hiyo haihesabiki kwa kuwa TCU walizidiwa kila mahali. Basi wachukue nusu fainali dhidi ya Ohio State, usiku wa kuamkia mwaka mpya, Atlanta. Georgia ilianza robo ya nne ikiwa nyuma 38-24. Ikafika jaribio la nne ikihitaji yadi 6, na kushindwa hapo kungekuwa karibu sawa na kutolewa. Bowers alidaka pembeni, akapigwa huku akianguka nje ya uwanja, na akiwa angali hewani aliunyoosha mpira mbele hadi ukavuka alama. Mfululizo ule uliishia kwenye pointi 3 tu. Mechi iliisha 42-41.

MCHANGIAJI, DAR ES SALAAM

Mleta uzi, umeandika vizuri sana, lakini umeruka jina moja na nadhani umeruka kwa makusudi. Kyle Pitts wa Florida, msimu wa 2020, alidaka pasi 43 kwa yadi 770 na tachidauni 12 katika mechi 8 tu. Mechi nane! Kisha akachaguliwa wa 4 katika drafti ya 2021, nafasi ya juu kuliko aliyowahi kupata taiti endi yeyote. Kwa kipimo cha mechi moja moja, Bowers hakuwahi kufika hapo. Naomba pia utueleze mbona msimu wa 2021, ambao unausifu, hakupewa tuzo ya Mackey.

MLETA UZI

Sikumruka, mkuu, nilikuwa namwekea nafasi yake. Nakubali bila kuzungusha maneno kwamba msimu wa Pitts wa 2020 ndio msimu bora wa kudaka mpira ambao nimewahi kumwona taiti endi wa chuo akiwa nao. Kama swali lingekuwa nani alikuwa hatari zaidi akirushiwa mpira mwaka mmoja, ningempa Pitts. Lakini Pitts wa msimu ule alitumika kwa sehemu kubwa kama mpokeaji wa pembeni mwenye mwili mkubwa, na sababu iliyowafanya watu wa NFL wamtamani ilikuwa hiyo hiyo. Kazi ya mstarini, ya kusukumana ili mkimbiaji apate yadi 3 ambazo hakuna atakayezikumbuka, Bowers aliifanya kwa wingi na kwa moyo. Hakuwa mzuiaji mwenye nguvu kuliko wote, na ndani ya timu yake Washington alimzidi kwa hilo. Alichokuwa nacho ni kutoacha: mikono yake ilibaki kifuani mwa mlinzi mpaka filimbi ilipolia, hata pale mpira ulipokuwa umeshapita upande mwingine.

Kuhusu tuzo, ni swali linalonigusa. Tuzo ya John Mackey hutolewa tangu 2000 kwa taiti endi bora wa vyuo, nayo imepewa jina la mchezaji wa zamani wa Syracuse na Baltimore Colts. Mwaka 2021 ilikwenda kwa Trey McBride wa Colorado State, aliyedaka pasi 90 kwa yadi 1,121. Sitamshusha hadhi McBride, kwani alifanya kazi kubwa katika timu dhaifu ambayo kila mpinzani alijua mpira utarushwa kwake. Hata hivyo alipokea tachidauni 1 tu msimu mzima, na Bowers 13. Mimi ningempa Bowers. Baadaye alitwaa tuzo ya 2022, mbele ya Michael Mayer wa Notre Dame ambaye pia alikuwa na msimu mzuri sana, na ya 2023, akawa mtu wa kwanza kuipata mara mbili. Jambo la kushangaza ni kwamba msimu ambao kwa maoni yangu ulikuwa bora kuliko yote ndio pekee usio na tuzo hiyo.

MCHANGIAJI, CLARKSTON, GEORGIA

Ndugu zangu, salamu kutoka Clarkston. Sisi familia tulitoka Kongo, tuko hapa mwaka wa nane, na kijana wangu anacheza futiboli sekondari. Kocha amemtoa kwenye upokeaji wa pembeni na kumfanya taiti endi. Kijana amekasirika, anasema amepunguziwa hadhi. Mimi mzazi hofu yangu ni nyingine, ni mwili wake. Nilisikia huyo Bowers alipasuliwa kifundo cha mguu na akarudi uwanjani kabla mwezi haujaisha. Naomba uniambie ukweli, kaka: ule ulikuwa ushujaa au watu walimtumia mtoto wa wenzao? Na je, alikuwa analipwa?

MLETA UZI

Dada yangu, au kaka yangu, nisamehe sijui, nakushukuru kwa swali hili kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote yaliyoulizwa.

Tarehe 14 Oktoba 2023, katika mechi dhidi ya Vanderbilt mjini Nashville, Bowers aliumia kifundo cha mguu wa kushoto. Jeraha lilikuwa la zile kano zinazofunga pamoja mifupa miwili ya mguu, juu kidogo ya kifundo, ambalo kwa kawaida hupona polepole kuliko kuteguka kwa kawaida kwa sababu kila hatua huitenganisha mifupa hiyo upya. Siku mbili baadaye alifanyiwa upasuaji wa kupitisha uzi imara katikati ya mifupa hiyo na kuufunga kwa vifungo vidogo kila upande, ili mifupa ishikane wakati kano zinajiunga. Upasuaji wa namna hiyo umefupisha sana muda wa kurudi ukilinganishwa na ule wa zamani wa kutumia skrubu. Alikosa mechi za Florida na Missouri, na tarehe 11 Novemba, siku 26 baada ya kupasuliwa, akacheza dhidi ya Ole Miss na kufunga tachidauni.

Sasa maoni yangu. Wakati ule nilishangilia pamoja na kila mtu, na sikatai kwamba moyo wake ulikuwa mkubwa. Lakini nikiitazama kwa utulivu, naona haikuwa na haja. Georgia iliishinda Ole Miss 52-17. Baada ya mechi nyingine moja mguu ulimsumbua tena, akakosa mchezo wa Georgia Tech, na alipocheza fainali ya SEC dhidi ya Alabama tarehe 2 Desemba, ambayo Georgia ilipoteza 27-24, hakuwa na ule mchomoko wa hatua mbili za kwanza tuliouzoea. Ningependa wiki zile zitumike kumponya kabisa. Lakini nijuavyo mimi, kijana yule alitaka kucheza, na ni vigumu kusema alitumiwa bila kuwapo kwenye chumba walichokaa kuamua.

Kuhusu malipo, kanuni zilibadilika Julai 2021, yaani miezi michache kabla ya mechi yake ya kwanza. Tangu hapo wanafunzi wanamichezo wanaruhusiwa kupokea fedha kwa matumizi ya majina na picha zao katika matangazo, jambo ambalo kabla ya hapo lingewafukuzisha mchezoni. Fedha hizo zilitoka kwa makampuni na wafadhili. Chuo chenyewe kilikuwa hakimlipi mshahara. Baada ya Bowers kuondoka mambo yamebadilika tena, kwa kuwa mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kijana wako akifika chuo atakuta dunia tofauti kabisa na ile ya miaka mitano tu iliyopita, na nakushauri mkataba wowote atakaoletewa usomwe na mwanasheria asiye na uhusiano na timu.

NFL nayo ina masharti yake: haichukui mchezaji mpaka miaka mitatu ipite tangu darasa lake limalize sekondari. Kwa hiyo Bowers, hata kama Januari 2022 alionekana tayari, alilazimika kubaki chuoni miaka mingine miwili, akiuweka mwili wake hatarini kabla ya mkataba mkubwa wa kwanza. Ndiyo sababu Georgia ilipokosa nusu fainali na kwenda kucheza Orange Bowl dhidi ya Florida State, mchezo ambao walishinda 63-3 bila yeye, hakuna mtu mwenye akili aliyemlaumu. Alicheza mechi 10 tu msimu ule, akadaka pasi 56 kwa yadi 714.

Na kwa kijana wako, tafadhali mwambie kwamba hajapunguziwa hadhi. Mwonyeshe mechi ya Auburn, tarehe 30 Septemba 2023. Georgia ilikuwa ugenini, sare 20-20, robo ya nne, na kwotabeki Carson Beck alikuwa katika mechi yake ya kwanza ya ugenini kama mwanzishaji. Kila mtu katika uwanja ule alijua mpira unakwenda kwa namba 19, jezi ya Bowers. Alidaka pasi 8 siku hiyo kwa yadi 157, na ya mwisho aliibeba yadi 40 hadi mwisho, zikiwa zimebaki dakika pungufu ya tatu. Nafasi hiyo ndiyo kocha amempa.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Umenijibu, mkuu, na nakubali. Swali la mwisho kutoka kwangu: kama alikuwa hivi unavyosema, kwa nini drafti ya 2024 ilimchelewesha hadi nafasi ya 13?

MLETA UZI

Sababu kubwa ni bei ya nafasi yenyewe. Timu za NFL huwalipa taiti endi kidogo kuliko wapokeaji wa pembeni, na hivyo huona chaguo la juu kama gharama isiyorudi, hasa wakikumbuka Pitts aliyechaguliwa wa 4 na kushindwa kuendeleza mwanzo wake mzuri kule Atlanta. Pili, mwaka ule timu zilikuwa na njaa ya makwotabeki: 6 walichukuliwa ndani ya nafasi 12 za kwanza, na wachezaji 14 wa mwanzo wote walikuwa wa ushambuliaji, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Las Vegas Raiders walimkuta bado yupo kwenye nafasi ya 13 wakamchukua, ingawa mwaka mmoja kabla walikuwa wameshamchukua Michael Mayer yule yule niliyemtaja.

Swali lako la kwanza, la mshambuliaji anayetoweka akihama timu kubwa, lilijibiwa huko Las Vegas. Raiders wa 2024 walishinda mechi 4 kati ya 17 na walibadilisha makwotabeki zaidi ya mara moja. Bowers alidaka pasi 112, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mwaka wa kwanza katika historia ya NFL, kwa yadi 1,194. Rekodi ya yadi kwa taiti endi wa mwaka wa kwanza ilikuwa ya Mike Ditka, yadi 1,076, tangu 1961.

Kwa wale walioniuliza kwa ujumbe wa ndani waanzie wapi kutazama, ushauri wangu ni waanze na nusu fainali ya Ohio State, kisha Auburn ya 2023, kisha Florida ya 2022. Mara ya kwanza tazameni mchezo kama kawaida; mara ya pili mtafuteni namba 19 katika kila jaribio ambalo mpira hauendi kwake, mkaone walinzi wangapi wanageuza vichwa kumfuata. Nitarudi kesho jioni kujibu maswali kuhusu Darnell Washington, kwa kuwa naona wawili wameshaomba uzi wake.